DAP nimeweka, mbona vitunguu saumu vimebaki vidogo?

Shikamoo Bwana Shamba. Nalima vitunguu saumu nusu eka huku Mbulu. Msimu uliopita nilinyunyiza DAP juu ya matuta vilipofikisha majani matatu, lakini vilidumaa na vichwa vikawa vidogo. Jirani ananishauri niachane na mbolea ya dukani, nitumie samadi tu, na zizini ninayo nyingi. Nimsikilize?
Msomaji, Mbulu

Marahaba, mwanangu. Jirani usimpuuze, ila fosforasi, chakula cha mmea kilichomo kwa wingi kwenye DAP, usiiache. Samadi ya ng'ombe pekee ina fosforasi kidogo mno kwa zao hili.

Tatizo naliona kwenye hilo "juu ya matuta". Naitrojeni hushuka na maji. Fosforasi hung'ang'ania udongo palepale ilipoangukia. Mizizi ya saumu nayo ni michache, haina matawi mengi, na iko chini ya punje. Chakula ulikiweka isikofika.

DAP ni ya kupandia. Chora mfereji, iweke, ifukie kwa udongo wa unene wa vidole viwili, ndipo upange punje. Zikigusana itaziunguza. Kwa nusu eka yenye samadi, nusu mfuko (kilo 25) inatosha.

Samadi yenyewe nakuomba uisimamie vizuri, maana ndiyo inayotunza unyevu na kuzuia fosforasi isifungwe yote na udongo. Lakini iwe imeiva. Chomeka fito katikati ya lundo, iache kidogo, ichomoe uishike: ikiwa na joto, bado. Iliyoiva ni nyeusi, inapukutika mkononi, haina harufu ya mkojo. Mbichi itakuletea magugu, na palizi ya saumu unaijua, majani yake membamba hayafuniki ardhi hata kidogo. Weka madebe mawili kwa tuta la mita 10 kwa 1, uchanganye na udongo wiki mbili au tatu kabla ya kupanda.

Pima udongo kwanza. Ukiwa na tindikali, unga wa fosfeti wa Minjingu, unaochimbwa humohumo mkoani kwenu Manyara, unafaa badala ya DAP, ingawa huyeyuka taratibu. Kwenye udongo wa magadi hautakusaidia.

Na vichwa vikianza kuvimba, acha kuweka urea, ile mbolea ya naitrojeni. Ukiendelea nayo shingo zitanenepa, hazitakauka vizuri, na vitaoza ghalani kabla hujapata mnunuzi.