Unalala fofofo, mbona unasinzia kwenye Hiace?

Mtu akijisifu kwamba kahawa haimnyimi usingizi, mimi simbishii. Namuuliza anaamkaje. Ofisini kwetu hapa Moshi kuna kaka mmoja wa uhasibu ambaye kila jioni akitoka kazini lazima apitie kijiweni. Anapiga vikombe vitatu, vinne, na kashata mbili. "Mdogo wangu, mimi nikigusa mto tu, fofofo!" Sawa kaka. Lakini asubuhi kwenye Hiace ya kutoka Kiboriloni ni huyo huyo ambaye konda humgonga bega ashuke, na kabla ya saa tatu keshaagiza chai ya kwanza ili macho yafunguke.

Tangu unapoamka, ubongo wako unakusanya kemikali iitwayo adenosini. Mchana unavyosonga inazidi, na ndiyo inayoleta ule uzito wa macho usiku. Kafeini, ile iliyomo kwenye kahawa, haiiondoi. Inawahi viti vyake tu, kama abiria aliyeingilia dirishani, adenosini ikabaki imesimama mlangoni. Kwa wastani mwili wa mtu mzima huchukua kama saa tano kuondoa nusu ya kafeini. Kunywa saa kumi na moja jioni, saa nne usiku nusu yake bado unayo. Utalala, ndiyo, ila usingizi unakuwa mwepesi, na mwenyewe hujui. Kuna utafiti wa Marekani uliotoka mwaka 2013: watu walipewa miligramu 400 za kafeini ikiwa imebaki muda wa saa sita kabla ya kulala, wakapoteza zaidi ya saa moja ya usingizi. Washiriki walikuwa wachache, lakini kinachonigusa ni kwamba kifaa cha kupima usingizi ndicho kilichoonyesha hasara hiyo. Wao wenyewe hawakuiona sawasawa.

Ndiyo maana nasema hesabu ya vikombe isikusumbue sana. Tazama saa. Mwisho wangu ni saa nane mchana, na anayelala mapema ajisogeze hadi saa sita. Watu wanatofautiana, usimuige jirani: mvuta sigara huimaliza kafeini haraka, mjamzito na anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango hukaa nayo muda mrefu zaidi. Kwa siku nzima, wataalamu wa usalama wa chakula wa Ulaya wanaweka ukomo wa miligramu 400 kwa mtu mzima mwenye afya, na 200 kwa mjamzito. Kikombe kikubwa cha kahawa ya kuchemsha kina kama 90 hivi.

Na chai je? Hapa ndipo wengi tunapojidanganya. Tunaishi chini ya mlima wenye kahawa, lakini majumbani kinachonyweka ni chai, na watu hawaihesabu. Kikombe cha chai kina karibu nusu ya kafeini ya kahawa, na ile ya kwetu inayochemka na majani sufuriani mpaka inakuwa nyekundu pyu haiko nyuma. Vikombe viwili baada ya chakula cha usiku, hapo umekunywa kahawa. Enaji za chupa nazo zimo humo humo. Dereva wa bodaboda anayefungua moja saa mbili usiku asishangae.

Kijiwe sijakiacha, na sikushauri ukiache. Pale kuna birika juu ya jiko la mkaa, vikombe vidogo visivyo na mkono vinasuuzwa kwenye ndoo, Simba na Yanga zinachambuliwa mpaka giza linaingia. Nani anaondoka hapo kwa sababu ya adenosini? Mimi nanunua kashata na maji. Wazee walinicheka mwanzoni, sasa wamezoea.

Kazi kubwa ni ugenini. Ukipanda Kibosho jioni kumsalimia mama mkubwa, huwezi kuikataa chai yake hivi hivi, atadhani una neno naye. Mimi nawahi kabla sufuria haijainjikwa. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, karibu chai." "Ahsante mama, ila nichemshie mchaichai, majani saa hizi sitalala." Mchaichai upo pale pale uani, hauna kafeini, na mwenyeji anafurahi kwamba umeomba kitu chake. Tangawizi na maziwa bila majani nayo inakubalika.

Ukitaka kupunguza, usikate ghafla. Anayekunywa kila siku akiacha kwa mara moja, kichwa humuuma ndani ya siku moja au mbili, akanunua dawa za maumivu, na baadhi ya dawa hizo zina kafeini ndani. Anza na kikombe cha jioni peke yake, kiache wiki nzima, ndipo uguse cha alasiri. Cha asubuhi kiache kilivyo. Na kama umeacha yote jioni na bado hulali, au mwenzio anasema unakoroma na kukatika pumzi, nenda hospitali, hapo kahawa haihusiki.

Walinzi, manesi na wote wa zamu za usiku, ratiba yenu ni nyingine: kunyweni zamu inapoanza, na ikifika saa saba usiku funga birika. Mkitoka saa moja asubuhi mnahitaji kulala, na jua la Moshi nje ya pazia linatosha kuwasumbua.