Hita ya Pampu Inayomaliza Uniti Kabla ya Mwezi Kuisha

Maswali ya wasomaji kuhusu vifaa vya umeme nyumbani

SWALI: Ndugu Mshauri, salaam. Mwaka jana tulifunga hita ya maji ya pampu ya joto, yenye tangi la lita 200, katika stoo iliyo nyuma ya jiko ambamo tunahifadhi pia magunia ya mtama na uwele. Muuzaji alitueleza kwamba hutumia theluthi moja tu ya umeme wa hita ya kawaida, na hadi mwezi wa tano tuliridhika. Kipupwe kilipoingia watoto walilalamika kwamba maji ya alfajiri ni vuguvugu, ndipo mkwe wangu akapandisha themostati kutoka nyuzi 55 hadi 65, na fundi akapanga mashine iwake saa kumi alfajiri na kuzima saa kumi na mbili. Sasa maji ni ya moto kweli, lakini uniti za LUKU zilizokuwa zikitutosha mwezi mzima zinaisha tarehe 19 au 20. Taa ya koili ya akiba huwaka karibu kila asubuhi. Tena nimeona kwamba Jumatatu maji huwa makali kuliko siku nyingine, ilhali hakuna aliyegusa kitu. Je, mashine imeharibika, au gesi imeisha? Tuko sita nyumbani.
Mama wa Iyumbu, Dodoma

JIBU: Mama, salaam, na pole kwa gharama. Katika maelezo yako sioni dalili ya wazi ya mashine mbovu. Ninachokiona ni mashine nzima iliyopewa kazi ngumu katika saa mbaya kuliko zote, ndani ya chumba ambacho huenda hakiipi hewa ya kutosha.

Pampu ya joto haizalishi joto bali hulihamisha. Ukipeleka mkono nyuma ya friji utahisi joto lililotolewa ndani ya friji na kutupwa nje. Hita yako ni friji iliyogeuzwa, inayonyonya joto la hewa ya stoo na kulisukuma ndani ya maji. Kwa sababu hiyo mavuno yake hutegemea hali ya hewa. Mchana, hewa ikiwa na nyuzi 25 au zaidi, uniti moja ya umeme, yaani kilowati-saa moja, huweza kuingiza katika maji joto la uniti tatu hadi nne. Alfajiri ya Juni au Julai, hewa ya Dodoma inaposhuka hadi nyuzi 13 au 14, mavuno hayo hupungua hadi kama uniti mbili na nusu. Koili ya akiba, ambayo haina tofauti na ile ya birika la umeme, hutoa uniti moja kwa uniti moja, iwe kipupwe au kiangazi.

Tufanye hesabu ya alfajiri yenu. Kupasha lita 200 kutoka nyuzi 20 hadi 65 kunahitaji joto la uniti kumi na nusu hivi. Kompresa, yaani mota inayoendesha pampu, ya wati 600, ambayo ni ya kawaida kwa tangi la ukubwa huo, katika baridi ya saa kumi huingiza kama uniti moja na nusu kwa saa, yaani tatu kwa saa mbili mlizoipa. Ni kweli kwamba tangi halianzi na maji baridi matupu kila siku, lakini hata ukikata hitaji hilo nusu, pampu peke yake haifiki. Mashine nyingi zinapowekwa katika hali ya mchanganyiko, yaani pampu na koili pamoja, hupima jinsi maji yanavyopanda, na zikiona yanachelewa huiita koili. Kisha kuna hizo nyuzi 65. Pampu nyingi za majumbani hukomea kati ya nyuzi 55 na 60 kwa nguvu zake zenyewe, na kinachozidi hapo ni kazi ya koili pekee. Mkwe wako, bila kujua, ameiandikia koili ajira ya kudumu.

Maji makali ya Jumatatu yasikusumbue. Mashine nyingi za aina hii zimepangwa kiwandani zipandishe joto hadi nyuzi 60 au zaidi mara moja kwa wiki, ili kuua bakteria aina ya Lejionela, ambao hustawi katika maji ya uvuguvugu yaliyotuama na huweza kuleta homa kali ya mapafu. Yaelekea yenu hufanya hivyo usiku wa Jumapili. Siku hiyo koili kuwaka ni haki yake, na sikushauri uizuie, hasa kama nyumbani kuna mzee au mgonjwa.

Ushauri wangu wa kwanza ni kuhamisha saa. Pangeni mashine ifanye kazi kuanzia saa sita mchana hadi saa kumi na moja jioni, rudisheni themostati kwenye nyuzi 55, na chagueni ile hali ya kutumia pampu peke yake, ambayo kwenye vioo vya mashine nyingi huonyeshwa kwa alama ya jani. Mchana hewa ni ya joto, na ikiwa maji yenu hupitia kwenye simtanki jeusi lililo juu ya mnara, jua la Dodoma litakuwa limekwisha kuyapunguzia baridi kabla hayajafika kwenye hita. Chukua mfano wa tangi linaloanza na maji ya nyuzi 22: kuyafikisha 55 kunahitaji joto la uniti saba na kidogo zaidi ya nusu, na pampu ile ile ya wati 600, ikivuna uniti tatu na nusu kwa kila moja, huimaliza kazi hiyo kwa chini ya saa nne na kutumia umeme wa uniti mbili na ushei. Koili ingekula zote saba na nusu.

Utaniuliza kama maji ya jioni yatafika alfajiri yakiwa ya moto. Tangi lenye sponji nzuri ya kuzuia joto hupoteza nyuzi tatu hadi tano kwa usiku mmoja, kwa hiyo saa kumi na moja alfajiri utakuta maji ya nyuzi 50 au karibu na hapo, ambayo bado huwezi kuoga bila kuchanganya na ya baridi. Kwa watu sita wanaooga asubuhi na jioni, kila mmoja ndoo moja ya lita 20, ni lita 240 za maji yaliyochanganywa, na zaidi kidogo ya nusu yake ndiyo yatakayotoka kwenye tangi. Yanatosha. Wakija wageni, washeni koili kwa siku hizo, kisha mkumbuke kuizima.

Sasa stoo. Pampu inapofanya kazi hupuliza hewa baridi, na mlango ukiwa umefungwa hewa hiyo hiyo huzunguka na kunyonywa tena, kila mzunguko ikiwa baridi kuliko uliotangulia. Maelekezo ya watengenezaji wengi hudai chumba cha mita za ujazo 20 hivi, au mabomba ya kuleta hewa ya nje na kuitoa. Stoo ya mita mbili kwa mbili haifiki hata mita za ujazo 12. Acheni mlango wazi saa za mchana, au mtobolewe matundu mawili ukutani, moja chini na jingine juu, yenye wavu wa kuzuia panya. Magunia yasiegemee mahali mashine inapovutia hewa. Nimewahi kufungua chujio la mashine iliyokaa na nafaka na kukuta makapi ya uwele yameshikamana na vumbi la kiangazi hadi yakawa kama blanketi; nyuma yake, vile vipande vyembamba vya aluminiamu vilivyopangwa kama kurasa za kitabu vilikuwa vimezibwa kabisa. Zima umeme kwenye swichi kuu ya hita, toa chujio, lioshe kwa maji, na vipande hivyo visafishwe kwa brashi laini kwa kufuata mistari yake, kwani hupinda upesi.

Baada ya hayo, ipime mashine wewe mwenyewe kwa mita. Kwenye mita kuna taa ndogo nyekundu inayopepesa, na karibu nayo imeandikwa idadi ya mipepeso kwa uniti moja. Nyingi zimeandikwa 1000, lakini soma yako. Zima kila kitu nyumbani, hata friji, isipokuwa hita, kisha hesabu mipepeso kwa dakika moja ya saa ya mkononi. Kwa mita ya 1000, pampu ya wati 600 hupepesa mara 10 kwa dakika, koili ya wati 2,000 mara 33, na vyote viwili pamoja mara 43. Ukihesabu 30 na zaidi wakati mashine iko katika hali ya jani, na si siku ya kuua bakteria, basi relei ya koili, yaani swichi inayoiwasha na kuizima, imeganda au mipangilio imejirudisha yenyewe. Hilo la pili hutokea sana baada ya umeme kukatika: baadhi ya mashine hurudi kwenye hali ya kiwandani, na saa yake huanza upya usiku wa manane, hivyo ile saa sita mchana uliyopanga ikawa saa nyingine kabisa.

Kuhusu gesi, weka mkono mahali hewa inapotokea baada ya pampu kufanya kazi kwa dakika 15. Ukihisi hewa baridi wazi kuliko ya chumbani, gesi ipo. Feni ikizunguka na hewa ikawa ya kawaida tu, hapo ndipo umwite fundi wa friji. Akikwambia ataongeza gesi, mwulize kwanza inavujia wapi, kwa maana gesi ya pampu haichomeki kama mafuta ya gari. Kifuniko cha koili usikifungue mwenyewe hata kama umezima swichi ya ukutani. Na kwa kuwa visima vya Makutupora na vingi vya majirani hutoa maji magumu, siku fundi akija mwambie aitazame koili kama imeota ukoko wa chokaa, pamoja na fimbo ya magnesiamu inayolinda tangi lisiliwe na kutu.

SWALI: Nimenunua kiyoyozi cha kupoza na kupasha joto kwa ajili ya chumba cha mtoto mchanga. Usiku wa baridi mume wangu hukiweka kwenye nyuzi 30, akisema chumba kitapata joto upesi. Mimi nasema 22 zinatosha. Wakati mwingine hujigeuza na kupuliza hewa baridi. Nani ana haki?
Mama Neema, Singida

JIBU: Mama Neema, wewe una haki zaidi, ingawa baba Neema hakukosea yote. Themostati humwambia kiyoyozi aishie wapi, haimwambii akimbie kiasi gani, isipokuwa kwa mashine za inveta, ambazo kweli huongeza kasi pengo likiwa kubwa. Lakini chumba kikiwa na nyuzi 15, pengo la kufikia 22 tayari linatosha kuipeleka mashine kasi yake ya juu, na hizo nane za ziada huja baadaye, mtoto akiwa amelala na kutoka jasho. Wekeni 22 na mlango ufungwe.

Kujigeuza kunatokana na kuiacha rimoti katika hali ya kujichagulia, ambapo mashine huamua yenyewe ipoze au ipashe. Chagueni alama ya jua. Hewa ya moto hupanda, na kihisi cha joto kiko ndani ya mashine karibu na dari, hivyo mashine hudhani chumba kimeiva wakati kitandani bado ni baridi. Elekezeni mabawa yake chini, na kama rimoti yenu ina kihisi chake, iwekeni usawa wa kitanda, si ndani ya droo. Ikisimama kwa dakika chache na sehemu ya nje ikatoa maji, inayeyusha barafu iliyoganda kwake, jambo lisilotokea mara nyingi katika hewa kavu ya kwenu.

SWALI: Hita yangu ni ya jua, yenye koili ya umeme ya akiba ambayo themostati yake iko kwenye nyuzi 70 na huwa imewashwa saa zote. Ni sawa?
Mwalimu, Mpwapwa

JIBU: Si sawa, Mwalimu. Mkioga usiku, koili hupasha tangi lote kabla ya mapambazuko, na jua likitoka hukuta hakuna maji baridi ya kupasha, kwa hiyo umenunua kwa uniti kile ulichokuwa upewe bure. Teremsha themostati hadi 55, funga swichi ya saa, na iruhusu koili kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa mbili usiku tu, siku za mawingu. Siku ambazo mchana kutwa palikuwa na jua, iache imezimwa.