MUULIZE MJOMBA: Ngoma nimepeleka redioni, wiki ya sita sasa kimya

Shikamoo Mjomba. Mimi chipukizi hapa Mwanza, nina ngoma tatu nimerekodi kwa hela yangu ya bodaboda. Nimezipeleka redioni kwa flashi, mpaka leo kimya. Mtangazaji mmoja kanambia "dogo, ngoma haijichezi yenyewe", nikaelewa anataka ya soda. Mzee wangu anasema enzi za RTD, yaani Radio Tanzania Dar es Salaam, redio yenyewe ndo ilikua inarekodi bendi. Ni kweli au wazee wanatupiga kamba? Na hivi kuna mtangazaji kweli anaekaa kusikiliza mtu asiejulikana?
Dogo wa Kirumba

Marahaba dogo. Mzee hajakupiga kamba hata kidogo. Enzi hizo nchi haikua na kiwanda cha santuri, bendi ikitaka santuri inafunga safari mpaka Nairobi, kwahiyo studio ya RTD ndo ilikua mlango wa kila mtu, NUTA Jazz, Western Jazz, baadae Mlimani Park waliokuja 1978. Mnaingia studio bendi nzima, mnapiga kwa pamoja, mpuliza tarumbeta akiteleza mnarudia toka mwanzo, na mashairi yanapitiwa kwanza kabla hayajaenda hewani. Kwahiyo usidhani ilikua mteremko, ila ukipita pale nchi nzima inakusikia.

Sasa hilo swali la mtangazaji anaesikiliza. Yupo mmoja huwa namtolea mfano kila siku mpaka watu wananichoka, John Peel wa BBC Radio 1 kule Uingereza. Alianza pale 1967 redio yenyewe ilipozinduliwa na hakutoka mpaka alipofariki 2004. BBC inaendeshwa kwa ada wanayolipa wananchi wenye tivii, haitafuti matangazo ya sabuni, ndo maana Peel kwa miaka mingi aliachiwa saa nne usiku mpaka saa sita apige anachotaka: panki, rege, gitaa za Zimbabwe, makelele ambayo hata mimi siyawezi. Saa nyingine anaweka santuri kwa spidi siyo, wimbo unakimbia kama panya, anaomba radhi maisha yanaendelea.

Na kama RTD tu, BBC nao walikua wanaita bendi studio. Makubaliano na chama cha wanamuziki yalibana saa za kupiga santuri za dukani, pengo likazibwa kwa bendi kuja kurekodi, kawaida nyimbo nne kwa siku moja, hakuna kulala na mixa wiki nzima. Hizo siku za kurekodi kwa kipindi cha Peel peke yake zilifika zaidi ya 4,000, wasanii zaidi ya 2,000, baadhi yao walikua hawana hata santuri moja.

Sikiliza hii ndo nataka uishike. 1981 Peel kaenda Sheffield kupiga muziki chuoni, kijana mmoja wa sekondari anaitwa Jarvis Cocker akamsogelea akampa kaseti mkononi. Peel kaondoka nayo, kaisikiliza, na mwaka huohuo bendi ya yule kijana, Pulp, ikaitwa BBC kurekodi. Ukadhani wakatoka siku ya pili? Walikuja kuwa wakubwa 1995. Miaka 14 dogo! Mtangazaji alifungua mlango tu, kutembea walitembea wenyewe.

Yule wa soda achana nae. Ukimlipa atapiga mara mbili, hela ikiisha na ngoma imeisha, na msikilizaji anajua tu huyu kalazimishwa.

Ila na wewe nikuulize, kwenye hiyo flashi uliandika nini? Mimi niliwahi kukaa na mtangazaji wa kipindi cha usiku, droo yake imejaa flashi, tukachomeka moja tukakuta "AUDIO 003 final mpya", ngoma kali balaa, lakini hakuna jina wala namba ya simu, tukabaki tunaangaliana. Tulimtafuta yule mtu tukamkosa mpaka leo. Kwahiyo peleka wimbo mmoja, ule bora, sio zote tatu. Jina lako na namba viwe kwenye jina la faili lenyewe. Na usipeleke redioni tu, mpelekee mtangazaji ambae umeshasikiliza kipindi chake, mwambie umesikia alipiga nini jumanne. Atashtuka, maana wengi hawasikilizi.

Mjomba habari za huko. Naishi Birmingham, mwanangu anarekodi chumbani Kiswahili na Kiingereza humohumo, anaona aibu kupeleka popote. Aanzie wapi?
Mama Swabra

Nzuri mama. Huyo kazaliwa pazuri, BBC wana kitu kinaitwa BBC Introducing toka 2007, msanii aliepo Uingereza anajisajili mtandaoni anapandisha wimbo wake mwenyewe, watangazaji wa redio za BBC za eneo lake ndo wanasikiliza kwanza, wakiupenda wanaupiga na unaweza kupanda mpaka Radio 1. Hakuna wa kumpigia simu wala wa kumpa chai. Kuhusu kuchanganya lugha asiogope, Peel alipofikisha miaka 50 mwaka 1989 bendi iliyopiga kwenye sherehe yake ilikua Four Brothers toka Zimbabwe, wanaimba Kishona na Waingereza wanacheza. Mwambie tu apunguze mlio wa mbu huko nyuma, sijui ni feni ile au friji, nimeusikia kwenye kipande ulichonitumia wasapu.