Kwa nini Nakata bado anatamba mitandaoni

Mkuu, umeuliza kwa nini klipu za Hidetoshi Nakata, yule kiungo wa Japani, bado zinasambaa wakati alitundika daluga 2006, na wengi wanaozisambaza hawakuwahi kumwona akicheza.

Kwanza, mpira alikuwa nao kweli. Mechi yake ya kwanza Perugia ya Italia, 1998, aliwafunga Juventus mawili, ingawa timu yake ililala 4-3. Halafu tafuta ile ya Mei 2001 kule Turin, akiwa Roma, dhidi ya Juventus hao hao: Roma wako nyuma 2-0, kocha Capello anamtoa nyota wao Totti (Totti!) na kumwingiza Nakata. Akaachia shuti la mbali likazama wavuni, na dakika za mwisho kipa akatema shuti lake jingine, mwenzake Montella akamalizia. Sare 2-2, na Roma wakabeba ubingwa wa Italia msimu ule. Kumbuka siku chache kabla, kanuni iliyobana idadi ya wachezaji wasio wa Umoja wa Ulaya ilikuwa imelegezwa. Bila hivyo asingekanyaga uwanjani.

Pili, aliondoka mapema. Baada ya Brazil kuwapiga Japani 4-1 Kombe la Dunia 2006, alilala katikati ya uwanja kwa muda mrefu. Siku chache baadaye akatangaza kustaafu kwenye tovuti yake mwenyewe, ana miaka 29. Hakuna klipu za Nakata mzee anayeburuza miguu.

Mavazi na nywele nazo zinachangia, sikatai, vijana wanapenda sana picha zile.

Ila yule Mjapani wa mipira ya adhabu aliyewatungua Manchester United ni Nakamura wa Celtic. Msiwachanganye.