Maswali ya Wasomaji: Mgonjwa wa mifupa na viungo apewe rufaa wakati gani?

SWALI: Ndugu Daktari, mimi ni tabibu katika zahanati ya kijijini mkoani Manyara. Karibu kila siku napokea wagonjwa wenye maumivu ya mgongo na magoti, majeruhi wa bodaboda, na watoto wanaochechemea. Nikitoa rufaa nyingi, hospitali ya wilaya hunilaumu kwamba nawajazia wagonjwa ambao ningewatibu mwenyewe, na familia hulazimika kuuza mbuzi ili zipate nauli. Nikiwabakiza, nakosa usingizi kwa hofu kwamba nimemchelewesha aliyestahili kwenda. Nitumie kipimo gani?
Tabibu, Manyara

JIBU: Ndugu tabibu, lawama hizo zinawakuta wenzako wengi, na kwa maoni yangu zinatokana na mazoea ya kupima ukali wa maumivu, ilhali maumivu peke yake si kipimo kizuri cha rufaa. Mzee mwenye jongo, yaani uvimbe wa kiungo unaotokana na asidi ya yuriki, la kidole gumba cha mguu anaweza kulia usiku kucha na bado akatibiwa hapo kwako, wakati mtoto mchanga mwenye usaha ndani ya nyonga hulala kimya, asiusogeze mguu. Jiulize hivi: mgonjwa huyu akibaki kwangu kwa saa chache, kwa siku mbili au kwa miezi miwili, atapoteza nini ambacho hakitarudi? Jibu lake ndilo litakalokuonyesha kama aondoke sasa hivi, aondoke wiki hii, au asiondoke kabisa.

Wanaopoteza kwa saa ni wale ambao damu haifiki kwenye kiungo, wale ambao mfupa uliovunjika umetoboa ngozi, na wale ambao nyonga imeteguka. Jeraha lililo juu ya mfupa uliovunjika, hata likiwa la ukubwa wa punje ya hindi, lichukulie kuwa limefika kwenye mfupa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Lioshe kwa maji mengi ya dripu, lifunike kwa kitambaa safi, toa dozi ya kwanza ya antibiotiki mapema kadiri uwezavyo pamoja na kinga ya pepopunda, funga gango, yaani kifaa cha kuutuliza mfupa uliovunjika, kisha mgonjwa aondoke. Mtu mzima aliyevunjika mfupa wa paja anaweza kupoteza lita moja ya damu au zaidi ndani ya paja bila tone kuonekana nje, kwa hiyo usimsafirishe bila dripu na bila kuutuliza mguu huo, hata kama ni kwa kuufunga pamoja na mguu wa pili usioumia.

Nataka nikae kidogo kwenye hali moja inayowapotezea watu mikono na miguu. Misuli ya mkono chini ya kiwiko na ya mguu chini ya goti imo ndani ya vifuko vya utando usiotanuka. Misuli ikivimba baada ya kuvunjika, au ikibanwa na hogo, yaani plasta ngumu ya kufungia mfupa, au na mabanzi yaliyokazwa, shinikizo hupanda mpaka damu inashindwa kupita, na ndani ya saa chache misuli huanza kufa. Kuna namna ya kuitambua ambayo haihitaji mashine. Mwambie mgonjwa aulegeze mkono, vishike vidole vyake vilivyojikunja, kisha uvinyooshe wewe mwenyewe polepole. Akishtuka kwa maumivu makali yanayotoka katikati ya misuli, wala si pale mfupa ulipovunjika, na misuli yenyewe ukiibonyeza ni migumu, usisubiri dalili nyingine. Mapigo ya mshipa hupotea mwishoni kabisa, na anayengoja yapotee huwa amechelewa. Kata hogo lote toka juu mpaka chini, pamoja na pamba na bandeji ya ndani, mpaka uone ngozi. Uuweke mkono usawa wa moyo bila kuuinua juu zaidi, na umpeleke mgonjwa moja kwa moja panapofanyika upasuaji. Hapa ngazi za zahanati, kituo cha afya na wilaya hazina maana ikiwa ngazi inayofuata haina chumba cha upasuaji kinachofanya kazi usiku huo, na ndiyo maana unapaswa kupiga simu kabla gari halijaondoka.

Wagonjwa wako wengi huanzia kwa waunga mifupa wa kijijini, na kuwakaripia hakujasaidia popote. Ningekushauri uwaite na mkubaliane mambo machache tu: wasikaze mabanzi kwenye kiungo kinachoendelea kuvimba, wasiguse mfupa uliotoboa ngozi, na wamlete kwako mara moja mtu ambaye vidole vyake vimekuwa baridi, vimekufa ganzi au haviwezi kunyooshwa.

Wanaopoteza kwa siku ni hasa watoto wenye homa na kiungo kisichosogezwa. Mtoto huletwa na homa, kipimo cha malaria kinaonyesha ana malaria, anapewa dawa ya mseto na kurudishwa nyumbani, na hakuna aliyemvua nguo akatazama kama miguu yote miwili inacheza sawa. Malaria na usaha ndani ya kiungo vinaweza kukaa kwa mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Usaha huanza kula gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, ndani ya siku chache, na kwenye nyonga hubana pia mishipa inayolisha kichwa cha mfupa wa paja, hivyo mtoto aliyechelewa anaweza kuchechemea maisha yake yote. Mlaze chali, mwache acheze na kitu cha kuchezea, na utazame mguu usiorushwa. Kisha zungusha nyonga taratibu na uangalie uso wake. Mtoto mwenye homa anayekataa kukanyaga, au anayelia nyonga, goti au bega linaposogezwa, anastahili rufaa siku hiyo hiyo, kwa sababu kiungo hicho kinahitaji kufyonzwa na mara nyingi kuoshwa kwa upasuaji. Kwa mtoto mwenye selimundu uwe mwepesi zaidi kushuku, maana maumivu ya mfupa aliyoyazoea hufanana mno na ya maambukizi. Kama safari ni ndefu na mtoto yu taabani, mpe dozi ya kwanza ya antibiotiki ya mshipa na uiandike. Kama hospitali iko karibu na hali yake inaruhusu, ni vizuri maji ya kiungo na damu vichukuliwe kwanza. Ukikuta mguu umelegea ghafla bila maumivu wala uvimbe, hilo ni jambo jingine, na kwa mtoto wa chini ya miaka 15 linatolewa taarifa wilayani mara moja kwa ajili ya ufuatiliaji wa polio.

Kuhusu mgongo, ambao ndio unaokujazia benchi, wengi watapona ndani ya wiki chache kwa dawa ya maumivu, kuendelea kutembea, na maneno ya kuwatoa hofu. Hao uwabakize bila wasiwasi, wala picha ya eksirei hawaihitaji. Lakini kila mmoja umuulize kuhusu mkojo na haja kubwa, na kama anahisi ganzi sehemu anayokalia. Anayeshindwa kukojoa, au ambaye miguu inazidi kukosa nguvu, ni wa leo. Mwenye homa za jioni, jasho la usiku na kukonda, au mwenye kibiongo kilichoanza kujitokeza, ni wa kuchunguzwa kifua kikuu cha uti wa mgongo wiki hii hii, kwa kuwa kina dawa na kinapona, lakini kikiachwa kinapoozesha. Mtu aliyewahi kuugua saratani, hasa ya titi au ya tezi dume, asiambiwe kwamba mgongo wake ni wa uzee mpaka achunguzwe.

Kundi linalosahaulika ni la wanaopoteza kwa miezi. Mama ambaye viungo vidogo vya vidole vyake vimevimba mikono yote miwili, na kila asubuhi hukakamaa kwa zaidi ya nusu saa, kwa muda wa wiki sita na zaidi, huenda ana baridi yabisi. Akiendelea na vidonge vya maumivu peke yake vidole vitapinda, wakati dawa za kuituliza zipo na hufanya kazi vizuri zaidi zikianzwa mapema. Vivyo hivyo mtoto aliyezaliwa na nyayo zilizogeukia ndani apelekwe kliniki katika wiki zake za kwanza, anyooshwe kwa plasta zinazobadilishwa kila wiki. Mzazi asiambiwe angoje mpaka mtoto aanze kutembea.

Mwisho, barua yako ya rufaa iwe na saa ya ajali, hali ya mapigo na hisia za vidole kabla na baada ya kufunga gango, dawa ulizotoa na saa ulizozitoa, na saa mgonjwa alipokula mara ya mwisho. Barua ya namna hiyo huokoa muda pale mapokezi, na nina hakika itapunguza pia yale malalamiko ya wilayani.

SWALI: Daktari, mwanangu wa miaka 15 aligongwa gotini akicheza mpira miezi miwili iliyopita. Sasa ana uvimbe juu kidogo ya goti, unamuuma zaidi usiku, na haupungui. Bibi yake humkanda kila jioni kwa maji moto, na zahanati walimpa vidonge vya maumivu mara mbili. Niendelee kungoja?
Mama, Mwanza

JIBU: Hapana, dada yangu, usingoje tena. Wiki hii apigwe eksirei ya paja na goti, na kukanda kusimame leo. Kugongwa kwa kawaida hupungua siku baada ya siku; uvimbe unaokua kwa miezi miwili na kumwamsha kijana usiku unahitaji maelezo mengine. Unaweza kuwa maambukizi ndani ya mfupa, na unaweza kuwa saratani ya mfupa, ambayo si ugonjwa wa kila siku lakini ikitokea huwapata mara nyingi vijana wa umri huu, na hupenda sehemu za karibu na goti. Mpira haukuileta, ulifanya tu mguu utazamwe. Nasema haya waziwazi kwa kuwa matibabu yapo, na mafanikio yake yanategemea sana kuwahi.

Ninakuomba jambo moja zaidi. Mtu asikubali kuupasua uvimbe huo kwa kudhani ni jipu kabla ya picha. Kipande cha nyama cha kupima kinapaswa kuchukuliwa kwa ushauri wa timu itakayomfanyia upasuaji, kwa sababu mkato uliopita mahali pabaya unaweza kuharibu nafasi ya kuuokoa mguu. Picha ikionyesha dosari, omba rufaa ya Hospitali ya Bugando, hapo Mwanza, ambako huduma za mifupa na za saratani zote zipo. Bibi yake umweleze kwa heshima kwamba mkono wake haukukosea kwa nia, ila mfupa huu hautakiwi kushinikizwa.

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu mwenye umri wa miaka 68, ninaishi Tanga. Magoti yangu yanauma nikipanda ngazi na nikiinuka kutoka kwenye kiti. Kijana wa duka la dawa hunichoma sindano kila baada ya wiki mbili, nami hupata nafuu ya siku kadhaa. Je, nidai rufaa kwa daktari bingwa?

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Rufaa kwa sasa huenda isihitajike, lakini sindano hizo ningependa uziache na umwone daktari wa kituo chako cha afya ukiwa umeshika vichupa vya sindano hizo mkononi. Sindano za namna hiyo mara nyingi huwa na dawa za kutuliza uvimbe zinazoumiza tumbo na figo na kupandisha shinikizo la damu, au huwa na steroidi, ambazo hupandisha sukari na zikitumiwa mara kwa mara hudhoofisha mifupa. Kwa hiyo upimwe sukari, shinikizo la damu na figo kwanza.

Goti lililochakaa hutegemea sana msuli wa mbele ya paja. Kaa kwenye kiti, nyoosha mguu mmoja mpaka uwe sawa, uhesabu mpaka tano, ushushe taratibu. Rudia mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Mkongojo uushike kwa mkono wa upande wa goti lenye nafuu. Kama uzito umezidi, hata kilo chache zikipungua utaona tofauti. Vipe hivi miezi mitatu kwa bidii. Rufaa idai ikiwa baada ya hapo bado maumivu yanakunyima usingizi, au umbali unaoweza kutembea unazidi kupungua mpaka unashindwa kufika msikitini, kanisani au sokoni, kwani upasuaji wa kubadilisha goti unafanyika katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, na hospitali ya KCMC, Moshi, na umri wako si kizuizi. Uende na picha za eksirei zilizopigwa ukiwa umesimama, pamoja na orodha ya dawa zako zote. Na kama goti moja litavimba ghafla, likawa la moto na ukapata homa, hasa ikiwa lenyewe limewahi kuchomwa sindano, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.