Kwa wewe unayeanza kukokotoa obiti za nyotamkia za mbali

Programu ikikupa eksentrisiti (namba inayoeleza umbo la obiti) ya 1.000 siku ya kwanza, usitangaze kwamba nyotamkia yako inapita kwenye parabola, yaani njia iliyo wazi, isiyorudi. Mara nyingi namba hiyo haikupimwa. Programu imeona data ni haba, ikajiwekea parabola ili jibu lipatikane. Angalia kando ya namba kama kuna kiwango cha shaka. Kama hakipo, hiyo ni dhana tu.

Mfano ninaoupenda ni C/2014 UN271, yaani Bernardinelli-Bernstein. Picha zake za kwanza zilipigwa Oktoba 2014 kule Cerro Tololo, Chile, ikiwa mbali na Jua mara 29 ya umbali wa Dunia na Jua (umbali huo tuuite kizio). Kwa mbali hivyo, kitu husogea kati ya nyota kama sekunde 4 za tao kwa saa (sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya digrii), na sehemu kubwa ya mwendo huo unaouona ni wa Dunia yetu. Baada ya miezi sita Dunia imeshavuka upande wa pili wa Jua, na kuvuka huko peke yake kunaihamisha nyotamkia karibu digrii 4 angani. Umbali unaupata hapo. Vipimo vya siku tatu mfululizo havikupi umbali wa kuaminika, na bila umbali huna kasi.

Na kasi ndiyo kiini cha kazi yote. UN271 ilitoka umbali wa vizio kama 40,000. Ilipokuwa kwenye vizio 29 ilikwenda karibu kilomita 8 kwa sekunde, na ilipungukiwa na kasi ya parabola kamili, yaani ya kulitoroka Jua, kwa mita 3 hivi kwa sekunde: mwendo wa mtu anayekimbia polepole! Hakuna darubini itakayokupa tofauti hiyo kwa wiki moja. Inatoka kwenye miaka. Vipimo 200 vya wiki moja na vipimo 6 vilivyotawanyika miaka minne, mimi nachukua hivyo 6 bila kusita. Kwa hiyo pekua hifadhi za picha za zamani kabla ya kuomba muda mpya wa darubini. UN271 yenyewe ilitangazwa Juni 2021, kutoka kwenye picha za 2014 hadi 2018.

Jihadhari na ukungu wake pia, yaani wingu la gesi na vumbi linaloizunguka nyotamkia. Siku chache baada ya tangazo, darubini zilizoko Namibia na Afrika Kusini zilionyesha tayari umeizunguka, ingawa bado ilikuwa vizio 20 kutoka kwenye Jua. Ukungu ukielemea upande mmoja, kitovu cha mwanga huhama na kipimo chako huhama nacho. Pima kwa duara dogo, katikati tu, kisha chora mabaki (tofauti kati ya ulichopima na kile obiti yako ilichotabiri) dhidi ya tarehe. Yakitapakaa ovyo juu na chini ya sifuri, sawa. Yakipanda kwa mstari, kuna kitu hujakihesabu.

Ukitaka kusema ilikotoka, usitumie obiti inayopimwa kutoka kwenye Jua. Mshtarii hulivuta Jua huku na huku, na eksentrisiti hiyo huyumba nalo. Rudisha hesabu nyuma hadi kabla nyotamkia haijaingia eneo la sayari, uipime kutoka kwenye kitovu cha uzito cha Mfumo wa Jua mzima. UN271 itapita karibu zaidi na Jua Januari 2031, kwenye vizio 10.9, nje kidogo ya Zohali, na sayari zitakuwa zimeibadilisha: itarudi hadi vizio kama 55,000. Ndiyo maana kila obiti unayompa mwenzako iandikie tarehe yake ya rejea (siku ambayo namba zake zinahusu) na kitovu ulichotumia.