Je, ni halali kulisha familia kwa matunda na mboga zilizotupwa na duka?

SWALI

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sheikh, mume wangu ameachishwa kazi na hali ya nyumbani imekuwa ngumu. Nyuma ya duka moja kubwa la vyakula kuna mapipa ambamo kila jioni hutupwa matunda na mboga ambazo bado zinafaa: nyanya zilizobonyea kidogo, karoti zilizopinda, mafungu ya majani yaliyoanza kunyauka. Mara nyingine wafanyakazi huacha makreti kando ya mapipa, huniona nikichukua, na hawasemi neno. Ninachagua, ninaosha, ninapika, na watoto wanalala wameshiba. Shemeji yangu amesema kwamba huo ni wizi, kwa kuwa mali ya mtu haichukuliwi bila idhini, na kwamba dua ya mwenye kula chakula hicho haikubaliwi. Tangu siku hiyo mume wangu akila tonge humkwama kooni. Je, chakula hiki ni halali kwetu? Na kinachozidi, naweza kukitoa sadaka au kukiuza?

JIBU

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Kila sifa njema ni ya Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na Masahaba zake.

Dada yangu, kitu ambacho mwenyewe amekitupa kwa hiari yake, hali ya kuwa hana haja nacho tena, ni halali kwa atakayekiokota. Kwa hiyo chakula mlichokichukua katika makreti yale, mbele ya macho ya wafanyakazi ambao kazi yao ni kuyatoa nje, ni halali, na mumeo na ale kwa moyo mkunjufu. Mapipa yana maelezo zaidi, nami nitayafikia.

Msingi aliousimamia shemeji yako ni sahihi, wala haifai kumlaumu kwa kuchunga haramu. Allah amesema katika Suratun Nisaa, aya ya 29, kwamba waumini wasile mali zao baina yao kwa batili, isipokuwa iwe ni biashara kwa kuridhiana; na Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba mali ya Muislamu haiwi halali isipokuwa kwa ridhaa ya nafsi yake. Na mwenye duka akiwa si Muislamu, mali yake ina heshima vilevile, wala haichukuliwi bila haki. Lililompita shemeji yako ni kwamba ridhaa haijulikani kwa kauli ya mdomo peke yake. Hujulikana pia kwa kitendo na kwa ada ya watu, yaani desturi yao, na kanuni ya fiqhi (elimu ya sheria za Kiislamu) isemayo kwamba ada ni yenye kuhukumu imejengwa juu ya jambo hilo. Mtu anayeukunja mkono wake kutoka katika mali yake, akaitia katika taka na kumlipa mtu wa kuiondoa, amekwisha kusema kwa vitendo kwamba haitaki.

Wanachuoni wetu walilizungumza jambo hili karne nyingi kabla hayajakuwapo maduka ya namna hii, kwa sababu watu wa kila zama wameacha nyuma yao kitu ambacho mwenye njaa anakihitaji. Walizungumza juu ya masuke yanayobaki shambani baada ya mavuno, na juu ya kipande cha mkate ambacho mwenyewe amekipa kisogo. Katika madhehebu ya Imam Shafii, masuke huokotwa ikiwa mwenye shamba ameruhusu, au ikiwa ni kiasi ambacho nafsi yake haioni uzito kikichukuliwa. Lakini ikiwa yeye mwenyewe huyarudia kuyaokota, na huona uzito wakiyachukua wengine, haifai. Kisha wakahitilafiana: je, mwenye kuokota kipande kile cha mkate anakuwa mmiliki wake, au ameruhusiwa kukila tu? Imam an-Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu hayo, akasema kwamba lililo sahihi zaidi ni kwamba anakimiliki, na anaweza kukitumia kwa kuuza na kwa mengineyo, na kwamba hivyo ndivyo inavyoonekana katika mwenendo wa watu wema waliotangulia. Mimi nafuata kauli hiyo katika jibu hili, na tutaihitaji tena mwisho.

Huenda mtu akakwambia kwamba ulichookota kina hukumu ya luqata, yaani mali iliyookotwa, ambayo Mtume (s.a.w.) aliamrisha itangazwe mwaka mzima. Sivyo. Amri ile inahusu mali iliyompotea mwenyewe naye bado anaitafuta, kama mkoba wa fedha ulioangukia njiani. Nyanya iliyotupwa haikumpotea mtu. Na hata katika vitu vilivyopotea, kidogo kisichotafutwa hakina tangazo. Anas bin Malik (r.a.) amesimulia, katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) alipita akaona tende njiani, akasema kwamba lau asingechelea kuwa imetokana na sadaka, angeila. Itazame hadithi hii kwa utulivu, kwa kuwa ndani yake mna jibu la fiqhi na mna faraja kwa mumeo. Tende moja iko chini, njiani, na mbora wa viumbe anaiona ni chakula. Kilichomzuia hakikuwa kuona haya, wala kwamba ilikuwa chini. Kilichomzuia ni kwamba sadaka ni haramu kwake yeye na watu wa nyumba yake. Na katika hadithi ya Jabir (r.a.) iliyo katika Sahih Muslim ameamrisha kwamba likimwanguka mmoja wetu tonge, aliokote, aondoe uchafu ulioshika, alile, wala asimwachie shetani. Basi anayesema kwamba kuokota chakula kunamshusha Muislamu na aziangalie hadithi hizi mbili kabla ya kusema.

Sasa mapipa. Kwa kuwa hukumu inazunguka juu ya ridhaa, ikionekana alama ya kukosekana ridhaa, ruhusa huondoka. Pipa lililofungwa kufuli, ua uliozungushiwa uzio, maandishi yanayokataza, mlinzi anayefukuza watu, yote hayo ni maneno ya mwenye mali hata kama hakufungua kinywa. Hapo haijuzu kuvunja, kuruka ukuta, wala kuingia kwa kunyemelea usiku, hata kama kilicho ndani kitaoza kesho. Maduka mengine huzuia kwa kuogopa kushtakiwa mtu akiugua, na mengine yamekwisha kufunga mkataba na kampuni ya kuzoa taka au na wanaokusanya chakula cha mifugo, kwa hiyo kilichomo kinaweza kuwa tayari kina mwenyewe mwingine.

Iangalie pia sheria ya nchi unayoishi, kwani nchi hazifanani. Ufaransa ilipitisha sheria mwaka 2016 inayoyakataza maduka makubwa ya vyakula kuharibu chakula kinacholika ambacho hakikuuzwa, na kuyataka yafanye makubaliano na jumuiya za hisani. Ujerumani, kwa upande wake, Mahakama ya Katiba ilikataa mwaka 2020 kutengua hukumu ya wanafunzi wawili waliopatikana na hatia ya wizi kwa kuchukua vyakula katika pipa la supamaketi lililofungwa. Mama wa watoto hafai kujiingiza katika kesi kwa ajili ya kapu la mboga, na sheria inayolinda mali za watu bila kuamrisha maasia inastahili kufuatwa.

Ushauri wangu ni kwamba mumeo, au ninyi wawili, mwende mchana mkamwone msimamizi wa duka mumweleze kwa heshima. Maneno machache yatakuondoleeni shaka yote, na inawezekana akaamrisha makreti yawekwe kando kabla hayajachanganyika na taka. Nasema msimamizi kwa sababu mfanyakazi wa kawaida ni mwenye kuaminiwa katika mali ya mwajiri wake. Akiwa amepewa uhuru wa kutoa, mpokeeni mkono wake na kumwombea dua. Akiwa ameamrishwa wazi kwamba asimpe mtu, kisha akakupeni kwa siri, amekhini amana, nanyi mkilijua hilo msipokee. Na ubaya zaidi ni mfanyakazi anayeliponda tunda zima kwa makusudi ili litupwe, kisha alichukue au ampe jamaa yake. Huo ndio wizi hasa, hata kama tunda limepitia pipani.

Baada ya uhalali wa mali kuna uzuri wa chakula chenyewe. Allah anawaambia watu katika Suratul Baqara, aya ya 168, wale vilivyomo katika ardhi, halali na vizuri. Amevitaja viwili pamoja, na mlezi wa watoto ataulizwa juu ya vyote viwili. Katika sura hiyohiyo, aya ya 195, amekataza tusijitie kwa mikono yetu katika maangamizo. Tunda lililobonyea au mboga iliyonyauka si chakula kibaya. Lakini tunda laini lililoota ukungu litupwe lote, kwa kuwa ukungu huingia ndani kuliko jicho linavyoona, ilhali katika kitu kigumu kama karoti au kabichi inatosha kukata sehemu iliyoharibika pamoja na nafasi pana kuizunguka. Kiazi kilichogeuka kijani kina sumu, na karanga na nafaka zilizoota ukungu zinaweza kuwa na sumukuvu ambayo haiondoki kwa kupikwa. Jihadharini na saladi iliyokwisha kukatwa na kufungwa katika mfuko, pamoja na kila chakula kinachotakiwa kukaa kwenye baridi. Katika pakiti, tarehe inayoonyesha hadi lini chakula kitakuwa katika ubora wake si sawa na tarehe ya mwisho wa matumizi inayowekwa kwa ajili ya usalama. Ya kwanza ikipita, chakula kinaweza kulika. Ya pili ikipita, kiacheni. Na mkikuta shehena kubwa ya kitu cha namna moja, kizima kabisa, kimetupwa kwa pamoja, msifurahi haraka, kwani huenda kimeondolewa sokoni kwa sababu ya hatari isiyoonekana kwa macho. Muulizeni msimamizi.

Ama tahara, yaani usafi wa kisharia, jambo ni jepesi. Asili ya mboga na matunda ni tahara, na shaka haiondoi yakini. Vikiguswa na najisi, kama majimaji yaliyochuruzika kutoka kwenye nyama isiyochinjwa kisharia, huondolewa najisi na kuoshwa kwa maji yanayomiminika hadi kusibaki athari yake. Mtume (s.a.w.) alipoulizwa juu ya panya aliyeangukia katika samli, alisema atolewe pamoja na kilicho pembezoni mwake, na samli iliyobaki iliwe, hadithi hiyo imo katika Sahih Bukhari. Wanachuoni wamefahamu hapo kwamba kigumu hukatwa palipoingiwa na najisi, na kilicho kimiminika kina hukumu kali zaidi. Basi tunda lililopasuka na kuloa uchafu mpaka ndani liacheni, na lililo zima lioshwe.

Kuhusu dua, shemeji yako ameikumbuka hadithi sahihi akaiweka pasipo pake. Mtume (s.a.w.) alimtaja mtu mwenye safari ndefu, nywele zimetimka, amejaa vumbi, ananyoosha mikono mbinguni akisema, “Ee Mola, ee Mola,” ilhali chakula chake ni haramu, kinywaji chake ni haramu na mavazi yake ni haramu; basi atajibiwa vipi? Hadithi hiyo imo katika Sahih Muslim, nayo ni juu ya haramu. Haikugusa chakula cha maskini kilichopatikana kwa njia safi. Mume wako na aendelee kuomba, na katika anayoyaomba aombe kazi. Nami nawakumbusha kwamba kama kipato hakiwatoshi kwa mahitaji ya lazima, ninyi ni katika mafakiri na maskini waliotajwa katika Suratut Tawba, aya ya 60, na zaka ni haki yenu. Kuokota mboga hakukutoeni katika haki hiyo.

Chukueni kwa kadiri mtakayokula. Umoja wa Mataifa umekadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilipoteza takriban tani bilioni 1.05 za chakula madukani, katika mikahawa na majumbani, na kwamba asilimia 60 ya hicho kilitoka majumbani. Mwenye kubeba makreti manne ilhali nyumba yake inamaliza moja ameuhamisha ubadhirifu kutoka pipa la duka hadi pipa lake, na amemnyima mwenzake aliyefika nyuma yake.

Kinachozidi mnaweza kukitoa sadaka, kwa sharti lililo katika Suratul Baqara, aya ya 267, ambapo Allah amekataza kukusudia kutoa kilicho kibaya, kile ambacho ninyi wenyewe msingekipokea ila kwa kukifumbia macho. Al-Baraa bin Azib (r.a.) ameeleza kwamba aya hiyo iliteremka kwa sababu ya watu waliokuwa wakitundika msikitini vichala vya tende hafifu na vilivyovunjika, kwa ajili ya Masahaba maskini waliokuwa wakiishi humo. Kwa hiyo mpeni jirani katika kile mlichokichagulia meza yenu, wala msimpe yale mliyoyaweka pembeni. Na mwambieni kilikotoka, kwani mwingine nafsi yake haikipendi, naye ana haki ya kuchagua.

Kuuza pia kunajuzu, kwa kauli ya Imam an-Nawawi niliyoitaja, ikiwa aliyekupeni hakuweka sharti kwamba ni kwa kula tu. Akiliweka, lazima litimizwe. Mnunuzi aelezwe hali ya bidhaa bila kufichwa. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni penye rundo la chakula, akatia mkono wake ndani, vidole vyake vikakuta unyevu. Akauliza, “Ni nini hiki, ewe mwenye chakula?” Yule mtu akajibu kwamba kimenyeshewa na mvua. Akasema, “Basi kwa nini usikiweke juu ili watu wakione? Mwenye kughushi si katika mimi.” Ameipokea Muslim. Tunda lenye bonyeo na liwekwe juu ya rundo, sehemu yenye bonyeo ikimwelekea mnunuzi.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.